Nusu Glasi, Glasi Gani?

Juzi hapa kijiweni Magomeni siasa ilichelewa kuanza. Mzee Shomari, mstaafu wa bandarini, alitokea na chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji ya kijani, akaiweka kwenye benchi taratibu, akaagiza kahawa na kashata mbili.

DULLA BODABODA: Shikamoo mzee. Petroli ya kijani hiyo umejaza sheli gani?

MZEE SHOMARI: Marahaba. Karela hiyo, mwanangu. Imechanganywa na mlonge na uwatu. Kliniki sukari ilisoma 14. Kwa chupa hii, mfungo sita naoa tena.

MAMA CHAPATI: Bibi nyumbani ana habari?

Dokta Mizizi, ambaye udokta wake alipewa na fundi aliyemwandikia kibao, akakohoa kidogo. Chupa ile ni kazi ya mikono yake.

DOKTA MIZIZI: Tiba asili haina madhara. Nusu glasi asubuhi, nusu glasi jioni.

MWALIMU KOMBA: Glasi gani?

DOKTA MIZIZI: Glasi, Mwalimu. Ya kawaida.

MWALIMU KOMBA: Ya chai, ya maji au ya bia?

Hapo ubishi ukawaka mpaka muuza kahawa akaongeza mkaa. Mwisho ikabainika kuwa Mzee Shomari hana habari na glasi. Anapimia kopo la maziwa ya mjukuu wake, tena analijaza mpaka juu.

MWALIMU KOMBA: Mzee mwenzangu, sisemi karela haishushi sukari. Tatizo inaweza kushusha, na hujui kiasi gani. Hata hiyo metformini ya kliniki ukoo wake ni majani. Ulaya kuna mmea unaitwa Galega, watu waliutumia kama dawa tangu zamani. Wataalamu wakachunguza, wakakuta kinachoshusha sukari mle ndani kina sumu. Wakahangaika mpaka wakapata ndugu yake mpole, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza kwamba amewatibu nayo wagonjwa wa kisukari. Leo kidonge kimeandikwa miligramu 500. Kopo lako limeandikwa nini?

DULLA BODABODA: “Miezi 6 na kuendelea.”

DOKTA MIZIZI: Chekeni tu! Mwaka 2011 si vigogo walipanga foleni na mashangingi yao kule Samunge, Loliondo? Kikombe cha dawa ya Babu wa huko shilingi 500, na kisukari kilikuwamo kwenye orodha.

MWALIMU KOMBA: Walau Babu alikuwa na kikombe. Wewe hata hicho huna.

(Nakiri sijawahi kumwona Dokta akikosa jibu. Safari hii alikoroga kahawa isiyo na sukari.)

MAMA CHAPATI: Mzee, na vidonge vya kliniki umeacha?

MZEE SHOMARI: Niache kwa nini? Metformini nameza, na kile kingine, glibenklamidi, nameza. Nasindikizia na karela. Vinasaidiana.

MAMA CHAPATI: Kumbe! Ndiyo maana Ijumaa ulitoka jasho, ukatetemeka, ukasema umepandwa na jini.

MZEE SHOMARI: Jini lile. Si liliondoka uliponipa soda?

MWALIMU KOMBA: Jini gani linatulizwa na soda? Sukari ilishuka chini ya 4 hiyo! Kidonge kinaivuta chini, karela nayo inaivuta. Ingekuta umelala, soda angekunywesha nani? Nenda kliniki na chupa yako, umwonyeshe daktari.

MZEE SHOMARI: Atanifokea.

MWALIMU KOMBA: Akufokee ukiwa macho.

Mzee akamega kashata ya pili. Alipoona tunamkodolea macho, akajitetea kuwa karela anakunywa kwa ajili hiyohiyo, ale kashata kwa amani.

MAMA CHAPATI: Na wewe Dokta, yako inasoma ngapi?

DOKTA MIZIZI: Sijapima, dada yangu. Kile kisindano cha kidoleni kinauma.