Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: tuandikishe wazee wa Likasi kama kobalti

Mheshimiwa Waziri wa Madini,

Utashangaa kuona barua ya matibabu imefika kwenye meza ya madini. Haijapotea njia. Kwa wakubwa wa Afya tumeshabisha hodi mpaka tumechoka, na kila mara jibu ni kwamba pesa hakuna. Tumeona tuhamie kwenye nyumba ambayo jiko lake linafuka moshi.

Sisi ni wazee wa Shituru, Panda na Kikula, mitaa ya Likasi, pamoja na wajane wa wenzetu. Shida unaijua, sitakuchosha. Mzee akifikishwa hospitali, kwanza pesa ya dhamana, kisha fishi ya mgonjwa, kisha daftari, glavu, sindano, pamba, serumu, na mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Bei inatajwa kwa dola na kulipwa kwa falanga, kwa kiwango anachokijua mwenye dirisha peke yake. Dola ikipanda, hesabu yetu inapanda asubuhi hiyo hiyo. Mwaka 2025 ulipoelekea kwisha falanga ilipata nguvu, tukasubiri hesabu ishuke. Tungali tunasubiri.

Asiyemaliza kulipa anashikwa. Jirani yangu, mjane wa fundi wa Shituru, alipona homa ya mapafu akabaki ndani. Kitanda akapewa mgonjwa mwingine, yeye akahamia kwenye korido na mkeka wake. Mchana alikaa chini ya mwembe wa uani na wenzake waliopona, akichambua sombe alizoletewa na mkwewe. Jioni moja alijifunga kitenge vizuri, akachukua kikapu, akaelekea langoni kama mtu aliyekuja kutazama mgonjwa. Mlinzi, kijana wa umri wa mjukuu wake, akamuuliza kwa upole: "Mama, karatasi ya kutoka iko wapi?" Akarudi kwenye mkeka. Alitoka siku mwanawe alipouza mabati ya jikoni, na mvua zilikuwa zimeshaanza.

Ndiyo maana tunakuletea wewe ombi letu la kwanza: tuandikishe sisi wazee kama kobalti.

Hatujipendekezi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti waliyoikuta humo ilizidi viwango vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa wananchi wa kawaida popote duniani. Kwa hiyo, Mheshimiwa, unapotuona tumejipanga kwenye benchi la hospitali, usione mzigo. Ona akiba ya taifa, iliyokaa.

Tazama faida zake. Tangu 2018 kobalti ni madini ya kimkakati, na mrabaha wake ni asilimia 10. Mzee aliyeandikishwa atapandishwa kwenye mzani bure, kwani hakuna gunia la madini lililowahi kudaiwa pesa ya fishi kabla ya kupimwa. Sampuli yake itakimbizwa maabara, wala hakuna atakayeiuliza kama imekuja na glavu zake. Atapewa cheti cha asili kilichoandikwa Likasi, na lakiri mkononi ambayo mtu akiikata bila ruhusa anakwenda jela. Akisafirishwa atafunikwa turubai asiguswe na mvua, atakatiwa bima, na akifika Kasumbalesa maofisa watamzunguka kwa hamu, wakitaka kujua kama kilo zilizoandikwa Likasi ndizo zilizofika mpakani. Akipungua kilo mbili njiani, itaundwa tume. Mimi nimepungua zaidi ya hizo, na aliyegundua ni mshonaji wa suruali zangu. Halafu kuna bei: ya kwetu nayo itatangazwa kutoka London. Nitaamka, nitafungua redio, nitajua leo nina thamani gani. Kwa sasa najua bila redio.

Hata jambo la kushikwa tutalipokea kwa moyo mmoja, maana tutakuwa na mwenzetu. Februari 2025 serikali iliizuia kobalti isitoke nchini kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, kisha siku nyingine juu yake, mpaka Oktoba ilipoweka viwango vya mauzo. Bei ilikuwa imeanguka, na wakubwa hawakutaka mali ya taifa itoke kwa aibu. Tuliwapongeza kwa dhati. Kobalti ilishikwa ili thamani yake ipande. Mama yule alishikwa mpaka jiko lake likabaki bila paa.

Maombi mengine ni mepesi.

La pili: mpango wa kujifungua bila malipo, uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023, umetufurahisha sana kwa ajili ya wajukuu. Tunaomba wazee tuhesabiwe kama watoto wachanga. Meno hatuna, uji tunanyweshwa, na usiku tunalia.

La tatu: michango yetu ya pensheni ilikatwa kwenye mishahara ya zaire. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikafanywa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikafanywa falanga 1. Tunaomba turudishiwe zile sifuri, hata kama hazina tarakimu mbele yake.

La nne: kabla ya kulipwa pensheni tunatakiwa kuthibitisha kwamba tuko hai. Tunaomba hospitali nazo zilijali jambo hilo.

Mtatuambia tuwe na subira. Subira gani tena? Union Minière, mwajiri wetu wa enzi za Wabelgiji, haikutupenda. Ilitutibu kwa sababu mgonjwa hachimbi. Gécamines, kampuni ya serikali, ikarithi hospitali, shule na posho ya unga, na mwaka 1986 tuliitolea zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaombwa waondoke kwa hiari. Hiari ya mtu ambaye hajaona mshahara miezi na miezi! Kazi ikaenda, na matibabu yakaenda nayo. Leo nchi hii ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, na aliyeiyeyusha shaba hiyo kwa mapafu yake anakata roho kwenye korido, kisha maiti yake nayo inashikwa mpaka familia ilipe. Maiti, Mheshimiwa. Mnamdai marehemu, na mnajua kwamba mwajiri wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kutomlipa.

Nisamehe, nimepandisha sauti. Nimekatazwa kwa sababu ya presha, na kuipima presha nako kunalipiwa.

Turudi kwenye sheria. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inatupa sisi wazee haki ya hatua maalum za ulinzi. Hospitalini tunapokelewa kwa kifungu cha 15, kile cha mitaani ambacho kila Mkongomani anakijua tangu utoto: jitafutie mwenyewe.

Tunaelewa kwamba ombi la kobalti litahitaji semina, kamati na safari za nje. Kamati ikiwa bado inakaa, mwombe mwenzako wa Afya atoe agizo moja, hata la nusu ukurasa, linalozuia hospitali yoyote kumshika mtu aliyepona, au kuikalia maiti. Deni lifuatwe nyumbani kama madeni mengine yanavyofuatwa. Wadaiwa wakubwa wa nchi hii wote wanalala kwao.

Na kama jibu ni hapana, liwe la maandishi, lenye sahihi yako na muhuri mkubwa unaosomeka vizuri. Tutalikunja na kulitunza pamoja na madaftari yetu ya hospitali, ili mlinzi wa langoni atakapotuuliza karatasi, tuwe na ya kumwonyesha.

Wako mtiifu,
Mstaafu wa Likasi, kilo zilizobaki

Nakala: Waziri wa Afya, kwa taarifa tu.