Kabichi Haipandi Mlima

Nilihamishiwa Lushoto nikitokea Dar es Salaam, nikiwa na kitambi cha kazi za kukaa na onyo la daktari. Basi lilipoacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kuzihangaikia zile kona za kwenda Soni, masikio yakaziba, nami nikaapa: huku kwenye baridi na hewa safi nitakuwa mtu mwingine.

Jumatatu nikaanza. Asubuhi chai kavu na tango. Mchana kabichi. Usiku kabichi ileile, maana kabichi moja ya Lushoto inazidi kichwa cha mlaji, na mimi naishi peke yangu.

Simu ilikuwa na programu ya kuhesabu kalori, ikawa inanipongeza kila jioni. Kabichi gramu 100, kalori 25. Yaani ukiimaliza kilo 2 nzima, na taya likikuruhusu, umepata 500. Mwanamume wa makamo anahitaji kama 2,500, hapo hajapanda mlima. Wengine wangeita huo upungufu. Mimi niliuita ushindi. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4: hesabu hizo nilizijua kwa moyo, na ndiyo maana muuza parachichi wa sokoni nilikuwa namkwepa kama mtu anayenidai.

Sasa Lushoto huendi popote bila kupanda. Dukani unapanda, kazini unapanda, na ukishuka ujue unakopa, utalipa jioni. Simu inahesabu hatua, mlima haiujui. Wiki ya pili nikawa nalala na soksi, sweta na mablanketi mawili, bado natetemeka. Mkanda niliutoboa tundu jipya kwa msumari, mara tatu. Usiku nikiota, naota chapati.

Jumamosi nikaamua kwenda Irente kwa miguu, pale mlima unapokatika ghafla ukaiona nyika karibu mita 1,000 chini yako. Mfukoni nilikuwa na karoti moja. Njiani akanipita bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani, yuko pekupeku, anapumua kama aliyekaa kwenye kiti.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Unaumwa?”

“Hapana bibi, nafanya mazoezi.”

Aligeuka taratibu, kuni na yote, akanitazama kuanzia viatu. “Ya kufanyia nini?”

Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri. Nilipofika kwenye mwamba, jasho lilikuwa la baridi na magoti yanacheza ngoma yake. Nilichungulia bondeni nikaona Mombo mbili. Nikakaa chini, nikaitafuta karoti; kumbe nilishaitafuna njiani bila kujijua.

Kurudi, nilifika nusu ya njia nikiwa nimeshikilia miti. Yule bibi alikuwa kibarazani kwake, kuni ameshazitua. Hakuuliza kitu. Alivuta kigoda, akaniwekea sahani ya makande: mahindi yamepasuka, maharage yameachia rojo zito la hudhurungi, moshi wa kuni unanukia ndani yake. Juu akakamua nusu parachichi kwa mkono, likaanguka kama udongo laini, akanyunyiza chumvi. Vijiko vitatu vya kwanza sivikumbuki. Cha nne nilisikia masikio yanapata moto.

Sahani ilipoisha, mazoea yakanituma nitoe simu. Nikaandika “makande”. Ikafikiri kidogo, ikaniuliza kama nilimaanisha makaroni. Nikakataa. Ikaandika sifuri.

“Simu inasemaje?” bibi akauliza.

“Inasema leo sijala kitu.”

Akaichukua sahani mkononi mwangu, akafunua chungu.

“Hata mimi naona hivyo.”