Namna ya Kuishinda Kompyuta kwa Mdomo

Mwongozo huu ni wa yeyote anayesubiri treni Kamina, pale reli inapogawanyika, moja ikishika njia ya Kananga na nyingine ya Kabongo, huku kijana wa pembeni akichomoa simu na kutangaza kwamba hakuna binadamu anayeiweza tena programu ya chesi. Muda wa kumjibu unao. Treni ilikuwa ifike jana.

Anzia 1996. Mwaka huo, Philadelphia, gwiji wa chesi Garry Kasparov aliichapa Deep Blue, kompyuta ya IBM, pointi 4 kwa 2. Liseme kama mtu aliyekuwepo, kisha kohoa. Akikutajia New York, Mei 1997, mashine iliporudi na kushinda 3.5 kwa 2.5, usibabaike. Mwambie nyuma ya mashine walikaa wahandisi pamoja na magwiji wa chesi, wameruhusiwa kuirekebisha baada ya kila mchezo. Na Kasparov alipodai marudiano, IBM ikaistaafisha. Bingwa gani huyo anayestaafu akishashinda mara moja? Lakini usithubutu kusema kwamba mchezo wa pili Kasparov alisalimu amri mahali ambapo wachambuzi waligundua kulikuwa na sare.

Mtu anayejua habari za Bonn mkimbie. Huko, 2006, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia, alikutana na Deep Fritz, programu iliyokuwa ikiuzwa madukani. Mchezo wa pili alisogeza malkia wake kwa utulivu kabisa, akaacha mlango wazi: mashine ikacheza hatua moja, mfalme amekufa. Pambano likaisha 4 kwa 2. Hoja ya kujibu hilo haipo. Omba maji ya kunywa.

Ukishakunywa, ingia kwenye pointi za kupima nguvu ya mchezaji. Atakuambia Stockfish, programu ya bure inayokaa hata kwenye simu yake, ina zaidi ya 3500, wakati gwiji Magnus Carlsen kilele chake kilikuwa 2882, mwaka 2014. Muulize: hizo pointi imezipata kwa nani? Kwa mashine wenzake! Hapo una haki kweli, ingawa haitakusaidia. Wengine hujitetea kwamba binadamu hana sababu ya kushindana mbio na treni. Hoja hiyo usiilete Kamina. Hapa mwenye baiskeli anaweza kutangulia.

“Yaya, acha bongo,” atasema, “cheza nayo basi.”

Kubali. Ila kwanza chungulia betri. Ikiwa imebaki asilimia tisa na umeme umekatika tangu asubuhi, wewe ndiye unayependelewa kushinda. Fikiri sana kabla ya kila hatua. Shika kidevu. Msimulie habari za kisolo, mchezo wa mashimo wa Baluba, ambao hakuna kampuni ya Marekani iliyokuja Kamina kuutafutia mpinzani. Kioo kikizima, simama umpe mkono: mpinzani ameondoka uwanjani.

Asipate tu nafasi ya kukuuliza mabingwa wenyewe wanaamini nini. Mwaka 2015, kwenye mashindano ya Dubai, gwiji mmoja wa Georgia alizidisha safari za chooni, na waamuzi wakakuta humo simu iliyoviringishwa karatasi za chooni, mchezo wake ukichambuliwa ndani yake. Bado hajakamatwa mtu aliyemficha gwiji chooni ili aisaidie simu.