Namna ya Kuua Mmea wa Majini kwa Heshima

Ndugu yangu wa Itebero, Kongo, tangi la kioo umeshaliweka sebuleni, samaki wamo, na bado wageni hawashangai. Tulia. Kinachokosekana ni mmea, na mimi nitakufundisha kuuharibu bila kuaibika.

1. Chagua mmea mgumu. Ukiua mmea rahisi utachekwa. Ukiua mgumu utapewa pole. Agiza Aponogeton madagascariensis, wa vijito vya Madagaska. Majani yake ni wavu mtupu: mishipa ipo, nyama hakuna. Matundu hayo mmea huyatoboa wenyewe, kwa kuua chembehai zake jani likiwa bado changa. Kwa hiyo jani likianza kuoza, nani atajua kama ni ugonjwa au urembo?

2. Tangaza masharti kabla hujayavunja. Mmea huu unapenda maji safi, yanayotembea, yenye ubaridi. Yataje yote mbele za watu. Paneli yako ya sola inagombaniwa na simu za ukoo mzima. Pampu ya kuyatembeza maji ikizimika usiku, mashahidi unao.

3. Utelezi wa kijani ukijaa kwenye kioo, usijichoshe kuusugua wote. Safisha sehemu ya upana wa kiganja, pale panapoelekea kiti cha mgeni. Kiti usikisogeze.

4. Majani yakiisha, sema kwa upole: "Umelala." Wala si uongo mtupu. Mmea huu una kiazi, na huwa unapukutisha majani, unapumzika, kisha unachipua tena. Mgeni mwenye adabu hafukui kiazi cha mwenyeji. Harufu ikitoka, badilisha maji usiku.

5. Usingizi ukizidi, beba bidoni uende mtoni. Chunguza mawe yanayopigwa na maji ya kasi, utafute kangaga la majini, Bolbitis heudelotii. Ni mmea wa Afrika, na Kongo umo. Wazungu huununua kwa euro wakapambia matangi yao. Ukiupata, ufunge kwa uzi juu ya jiwe. Shina lake linalotambaa usilifukie mchangani, litaoza. Hukua polepole sana, jambo zuri kwa mtu mvivu: hakuna atakayetarajia mabadiliko.

6. Asili yake ifiche. Kitu cha bure hakina heshima. Sema kimetoka Ulaya, kikafika Bukavu, kikalala kwenye matope ya barabara ya Hombo, na bado kikapona mikononi mwako. Bei usiitaje, guna tu.

7. Jirani akikuomba mbegu, usimnyime. Mkatie kipande cha shina, mpe kwa mikono miwili, mhimize abadilishe maji kila juma. Habari ya kutofukia, isahau. Chake kikioza, atakuja mwenyewe kukuita mtaalamu.