Kamba ya Kumbi

Huko Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari na mawe ya Manda hufika majumbani mgongoni mwa punda, zamani mbuzi ndio waliokuwa wenye mji. Msimu mmoja punda wakaanza kurusha mateke. Kila wakipakiwa gatini, hakukosi mbuzi wa kurudi kwake akichechemea.

Wazee wa barazani hawakuhangaika. "Shukrani ya punda ni mateke," alisema Mzee Beberu akimimina kahawa, na kweli ni methali tamu ukiwa umeketi. Ikaundwa kamati. Kamati ikabaini kwamba punda wana kinyongo, ikaagiza wasomeshwe uvumilivu kila Alhamisi, na asiyepiga teke avishwe koja la asumini.

Koja likamwendea Punda Kijivu, ambaye hakuwahi hata kuguna. Alilivaa mpaka siku alipoanguka Langoni, shogi zimejaa mchanga. Walipomvua wakakuta kamba ya kumbi imezama nyamani chini ya tumbo, na nzi wameshatangulia. Kamati ikaandika: amefariki akiwa na nidhamu.

Bi Paka hushinda gatini akingojea vichwa vya samaki, kwa hiyo huona mengi. Akapanda barazani. "Wazee wangu, punda akitiwa mchanga hatikisiki. Ikivutwa kamba ya tumboni, ndipo anapopiga. Sijaona teke lililokuja wakati mwingine."

"Na Punda Mwekundu je?" akauliza Mzee Beberu. "Yule ni wivu mtupu. Analilia maganda ya embe ya wenzake."

"Wivu anao, sikatai. Ndiyo maana nikaenda kuchungulia zizini. Maganda hupewa wale tu wanaobeba mizigo ya nyumba yako, Mzee."

Kikohozi kikawashika wazee wengi kwa pamoja. Baadaye ikajulikana pia kwamba kamba zote za mji husukwa na shemeji yake Mzee Beberu. Hata hivyo azimio likapita, tena kwa makofi: kamba zibadilishwe. Kazi akapewa shemeji, naye akazichovya zilezile katika rangi ya kijani. Bi Paka akapigwa marufuku gatini, eti kwa sababu za usafi.

Ijumaa Mzee Beberu akashuka mwenyewe kuzindua kamba mpya. Akaipitisha moja chini ya tumbo la Punda Mwekundu, akakanyaga imara, akavuta. Wazee wenzake walikuwa wameshahamisha vikombe vyao.