Mchagua Jembe wa Buyenzi

Nilipoanza kuvuta sigara hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Kijana mwenye trei ya karanga, mayai ya kuchemsha, uniti za simu na sigara za moja moja alininyooshea ile moja, akaniwashia kwa kiberiti chake mwenyewe, nami nikawa mvutaji kamili mwenye haki zote. Sasa nataka kuacha, na ghafla natakiwa niwe fundi umeme, mkemia na mhasibu, wote ndani ya mwili mmoja wenye kikohozi.

Adha yenyewe imeletwa na shemeji yangu wa Brussels. Anakuja likizo kuwasalimia wakwe, akaniuliza aniletee nini. Nikamwambia, sigara ya umeme, shemeji, nataka kuachana na hizi za moto. Nilidhani atajibu "sawa," kama ambavyo angejibu ningeagiza kandambili. Badala yake zikaanza kuingia sauti za WhatsApp, ndefu kama hotuba za harusi, na ya kwanza ilikuwa swali: "Shemeji, wewe unavutia mdomoni au unavuta moja kwa moja mapafuni?"

Miaka yote hii navuta, sikujua kuna milango miwili.

Kumbe ipo. Mvuta sigara wa kawaida huujaza moshi mdomoni kwanza, kisha akaushusha kifuani. Kwa mtu huyo kuna vifaa vidogo, koili yake ina ukinzani wa omu moja na ushee, betri ndogo, mvuke kidogo. Wale vijana wanaotoa mawingu hadi dereva wa teksi anawasha taa hutumia koili ya chini ya omu moja, betri kubwa, na mvuke hushuka kifuani moja kwa moja. Shemeji akahitimisha kwamba anayetaka kuacha sigara aanze na kile kidogo. Vizuri. Sasa kama jibu ulikuwa nalo, shemeji, mtihani ulikuwa wa nini?

Lakini huo ulikuwa usaili tu, darasa lenyewe lilikuwa bado. Maji yanayotiwa ndani yana glisirini na propilini glaikoli, na lazima uchague uwiano. Glisirini ikizidi, maji yanakuwa mazito, koili ndogo inashindwa kuyanywa. Propilini ikizidi, koo linakwaruza. Kifaa kidogo hupenda nusu kwa nusu. Halafu kuna nikotini: 3, 6, 12, 18, miligramu kwa kila mililita, na Umoja wa Ulaya hauruhusu kupita 20. Halafu tena kuna nikotini ya kawaida na nikotini ya chumvi, ambayo eti hailichomi koo hata ikiwa kali. Mimi chumvi naijua ya kupaka samaki mukeke kabla hajaenda kwenye makaa.

"Ili nikupangie nguvu," sauti ikaendelea, "niambie ukweli, unavuta ngapi kwa siku?"

Swali hilo haliulizwi kwa simu iliyowekwa mezani huku mama watoto anachambua mchele pembeni. Nikataja idadi ya kiungwana. Shemeji akafurahi, akasema basi miligramu 6 zinatosha. Kutoka kwenye ungo wa mchele ikatoka sauti: "Muongezee, kaka. Hiyo aliyokutajia ni kabla ya saa nne asubuhi." Tukapanda hadi 18. Na shemeji akaeleza, kwa huruma ya daktari, kwamba wengi hushindwa kwa sababu hiyo hiyo: wanajionea haya, wanachagua nikotini dhaifu, kifaa hakiwatoshelezi, na jioni wako kwa kijana wa trei.

Nikasema moyoni, kabla huyu hajafika na masanduku yake, ngoja nijitafutie hapa hapa mjini. Nikashuka mtaa wa Asiatique. Kwenye duka moja lenye vifuniko vya simu, manukato na saa za dhahabu isiyo dhahabu, kijana aliyenihudumia hakuniuliza kuhusu milango wala omu. Aliuliza ladha. Kulikuwa na embe la barafu, tikiti maji la barafu, zabibu ya barafu. Bujumbura, mji ambao maembe yanatuangukia kichwani, nilipe fedha ninuse embe lililotoka kiwandani! Nikaomba ya tumbaku. Akaniangalia kama nimeomba kanda ya kaseti. "Mzee, hiyo hainunuliwi. Chukua hii, pafu elfu tisa, ikiisha unatupa."

Ikiisha unatupa. Na betri ndani yake. Ubelgiji ilipiga marufuku kuuza hivi vya kutupa tarehe 1 Januari 2025, ikawa ya kwanza katika Umoja wa Ulaya, na Uingereza ikafuata Juni mwaka huo huo. Kwenye boksi iliandikwa asilimia 5. Kwa hesabu niliyofundishwa na shemeji, hizo ni miligramu 50 kwa mililita, mara mbili na nusu ya kikomo cha Ulaya. Bei yake nayo ilikuwa ya mtu asiye na watoto shuleni. Nikamrudishia kijana boksi lake kwa adabu.

Ila kilichonikera zaidi ni kwamba sigara ina mwisho. Unaivuta, inafika kwenye kichungi, inakuchoma kidole, unarudi kazini. Hiki kidude hakina mahali pa kuishia. Unaweza kuanza kukinyonya Kamenge ukafika Kanyosha hakijakuambia basi. Mtu wa kulizimisha jambo hilo ni wewe mwenyewe, na kama ningekuwa hodari wa kuzimisha mambo mwenyewe, nisingekuwa ninatafuta kidude.

Na umeme je? Jina lenyewe linasema, sigara ya umeme. Kwetu umeme una ratiba yake ya siri. Unarudi usiku wa manane, watu wote wanaamka kuchaji simu, redio na tochi, na sasa baba mwenye nyumba naye apange foleni kwenye soketi na mapafu yake. Ukikatika siku mbili? Niende saluni yenye jenereta niseme nimekuja kuchaji kikohozi? Na jenereta inataka petroli, nayo petroli ya mji huu kila mtu anazijua foleni zake. Kiberiti hakijawahi kunifanyia hivi.

Koili nayo huchakaa, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili. Ukiweka mpya unaidondoshea maji kwenye pamba, unajaza, unasubiri kama dakika kumi. Usiposubiri, pamba inaungua na unavuta ladha ya godoro lililoshika moto. Dakika kumi! Mtu anayeweza kukaa dakika kumi na hamu yake bila kuvuta, huyo ameshaacha.

Nikapeleka malalamiko barazani, hapa hapa Buyenzi, kwa jirani yetu Alhaji. Alhaji husikiliza kwa tasbihi, ukifika mwisho wa mashaka yako naye amefika mwisho wa uradi. "Mchagua jembe si mkulima," akasema. Kisha akanikumbusha kwamba kila Ramadhani huwa sivuti tangu alfajiri hadi magharibi, bila koili wala soketi. "Umebakiwa na usiku tu, mwanangu." Sikuwa na jibu, na ndiyo maana sipendi kupeleka malalamiko barazani.

Shemeji, kwa upande wake, alinitumia utafiti. Ulichapishwa mwaka 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine, ukiongozwa na profesa Peter Hajek wa London. Walichukuliwa wavutaji 886 waliotaka kuacha. Nusu wakapewa sigara za umeme, nusu vibandiko, ubani wa nikotini na mengineyo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya kundi la kwanza walikuwa wameacha sigara za moto, dhidi ya 9.9 ya kundi la pili. Nikafurahi, nikasoma mbele. Kati ya wale walioacha kwa sigara ya umeme, asilimia 80 bado walikuwa wameishikilia hiyo hiyo ya umeme mwaka ulipotimia. Tena wote walikuwa na mshauri wa kukutana naye ana kwa ana kila wiki, angalau kwa wiki nne za mwanzo. Mimi nina Alhaji.

Hata baba wa kifaa chenyewe simwelewi. Hon Lik, mfamasia wa China, alikibuni mwaka 2003. Alikuwa mvutaji mkubwa, na saratani ya mapafu ilimuua baba yake. Miaka ikapita, dunia nzima ikajaa mawingu yake, waandishi wakamuuliza, naye akakiri kwamba bado anavuta zote mbili. Mpishi anakula kwa jirani!

Usafiri nao una masharti. Kifaa chenye betri hakiruhusiwi kwenye sanduku linaloenda tumboni mwa ndege, lazima akibebe mkononi. Na kama ndege itapitia Entebbe, asithubutu kukitoa mfukoni kukionyesha, maana sheria ya Uganda ya mwaka 2015 imepiga marufuku kuviuza na kuviingiza nchini. Shemeji wangu, mtu wa heshima, msimamizi wa harusi nne, leo apitishwe kama mhalifu kwa ajili ya kifua changu.

Hatimaye tukakubaliana: kifaa kidogo cha kujaza, koili ya omu 1.2, maji nusu kwa nusu, miligramu 18, ladha ya tumbaku, chupa ikae ndani ya kabati lenye kufuli kwa kuwa nikotini ni sumu kwa watoto. Nikadhani mambo yamekwisha. Mama watoto, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Na hicho nacho utakiacha lini?"

Shemeji alikuwa na jibu, bila shaka. Unashuka polepole, kutoka 18 hadi 12, 6, 3, mpaka sifuri.

"Akifika sifuri anavuta nini?"

"Mvuke mtupu, dada. Wengine hubaki nao ili mikono tu iwe na shughuli."

Mama watoto akageuka akaitazama mikono yangu, kisha akatazama uani, ambako sombe ilikuwa imelala ndani ya kinu inangoja mtwangaji. Nikaiwahi simu, nikamuuliza shemeji kama huko Brussels wanauza kinu cha umeme.