Gari Linalokunywa Mbolea

Baba Mdogo, na ninyi nyote mliokaa hapo uani Nyamwaga, Tarime, mkisomewa barua hii, pamoja na kijana anayeisoma kwa sauti na kuruka sehemu ya pesa, nawaandikia kutoka Brooklyn Park, jimbo la Minnesota. Leo baridi ni nyuzi hasi 27 na gari langu limetangaza mgomo. Halijaharibika. Limeandika tu kwenye dashibodi, kwa maandishi ya njano, kwamba nisipolipatia urea kabla ya kumaliza maili lilizonipimia, litanitembeza maili tano kwa saa.

Ndiyo, urea. Ile ile mnayoipangia foleni ya ruzuku, ile ambayo mama alikuwa akiipima kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kwa shina la mhindi, na ole wako umwage. Huku wameiyeyusha katika maji safi, urea asilimia 32.5 na maji yaliyobaki, wakaitia kwenye dumu na kuipangia bei ya kumkumbusha mtu umuhimu wa kilimo. Gari lina midomo miwili: mmoja wa dizeli, na wa pili, wenye kifuniko cha buluu, wa mbolea. Haiingii kwenye injini. Inapulizwa ndani ya bomba la moshi, joto linaigeuza amonia, na amonia inazishika zile gesi chafu za naitrojeni na kuzifanya naitrojeni ya kawaida na maji. Nimeshasimama nyuma ya bomba nikinusa kwa makusudi, majirani wakinitazama dirishani: hakuna kitu. Ninyi Fuso ikianza kupanda kutoka Nyamongo kuja Nyamwaga mnaiona kwa moshi kabla ya kuisikia, na mnapata nafasi ya kuanua nguo.

Mambo haya yalianza na magari ya mwaka 2010, serikali yao ilipokaza masharti ya moshi. Ukikaidi, gari linakushughulikia lenyewe, bila askari. Kwanza linakuonya, kisha linapunguza nguvu, na mwisho ndiyo hizo maili tano, yaani kilomita nane kwa saa. Baba Mdogo, ndani ya Hifadhi ya Serengeti mnaruhusiwa kilomita 50, na hapo mmewekewa ukomo kwa heshima ya wanyama. Mimi niko kwenye lami na nyumbu mgonjwa ananipita. Wakulima wa huku walilalamika kwa miaka, mpaka Agosti 2025 mamlaka yao ya mazingira ikawataka watengenezaji walegeze adhabu hiyo. Gari langu ni la kabla ya huruma.

Na kwa kuwa dawa hiyo huganda baridi ikifika nyuzi hasi 11, tangi lake limewekewa hita. Injini nayo ina hita yake, na mbele ya gari unaning'inia waya wenye plagi, ambao usiku nauchomeka ukutani. Kwa hiyo saa saba za usiku mnaweza kunikuta nje, makoti matatu mwilini, nikihakikisha gari linalokunywa mbolea halipati baridi. Kahawa mliyoiuza kunisomesha haikupotea bure.

Mtauliza gari kubwa la nini kwa mtu anayefanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ni biashara ya mwisho wa wiki. Wenzetu hununua magari mnadani, hawana wa kuwasombea. Wengine wanahama nyumba. Wengine wamekwama kwenye theluji. Mji huu umejaa Wakisii, majirani zetu wa kule nyumbani, nao ndio wateja wangu wakubwa. Fikirini: sisi na wao tumevuka bahari nzima ili tuje kukaa tena jirani. Uzuri ni kwamba huku hakuna ng'ombe katikati, kwa hiyo tunapendana sana.

Basi nikanunua pikapu la matairi sita, mawili mbele na manne nyuma. Ninyi mliozoea madampa ya mgodi wa North Mara tangu 2002 hamtashtuka kwa ukubwa, lakini jueni kwamba hapa mtaani wanaume wengi wana magari ya aina hii na mzigo wao mzito kuliko yote ni mfuko wa chakula cha mbwa. Pikapu za Ford zimeongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977, na sijaona hata moja iliyokalisha watu juu ya magunia. Langu ni la kampuni ambayo sitaitaja. Langu, yaani benki inaniruhusu kuliosha.

Katikati ya sakafu ya bodi, juu kabisa ya ekseli ya nyuma, pana tundu, na ndani ya tundu panasimama tufe la chuma. Tela lina shingo ndefu inayopinda juu ya mlango wa nyuma wa bodi na kukaa juu ya tufe hilo, mahali pale pale nira inapokaa kwa ng'ombe: mbele ya nundu, ambapo mwili mzima unasukuma. Ukiunganisha hivyo, unatakiwa robo hivi ya uzito wa tela, au pungufu kidogo, iligandamize gari. Ukiunganisha nyuma kabisa, kwenye bampa, asilimia 10 hadi 15. Ikipungua hapo, tela linaanza kutikisa mkia na kukuchagulia njia. Haya yote mmekuwa mkiyafanya bila kikokotoo: mzigo ukielemea nyuma, utingo anaambiwa ahamie mbele.

Unapounganisha tela mara ya kwanza, gari linakuomba ulipe tela jina, ili likumbuke urefu wake na ukali wa breki zake. Mkulima wa hapa angeandika "tela la nyasi kavu". Mimi niliandika Mheshimiwa, jina la lile dume letu lililotembea mbele kwa madaha huku mzigo ukivutwa na wa nyuma yake. Tangu hapo nasafiri na matangazo. "Mheshimiwa ameunganishwa." "Kagua taa za Mheshimiwa." Jana, katikati ya barabara kuu, tangazo likaja: "Mheshimiwa ametoweka." Kumbe ni waya wa pini saba tu ulioingia barafu. Nilicheka mpaka nikapitiliza njia ya kutokea.

Sasa sikilizeni sheria ninayoipenda kuliko zote. Tela zito lazima liwe na betri yake ndogo na kamba nyembamba ya chuma iliyofungwa kwenye gari. Tela likichomoka, kamba inang'oa pini, betri inaamka, na tela linajifunga breki lenyewe na kuzishikilia kwa dakika zisizopungua 15. Hiyo ni mbali na minyororo miwili inayopishana chini ya shingo, endapo tufe litaachia. Yaani mtu fulani alikaa ofisini akalifikiria tela linaloondoka peke yake, akalionea huruma, akaliandalia dakika 15 za kujituliza. Kwetu tela likichomoka, utingo anaruka na kabari mkononi, anakimbia sambamba nalo akililaani kwa lugha mbili, anaitupia chini ya tairi, na jioni anasimulia. Kisha tunakata matawi tunayapanga barabarani ili wanaokuja wajue kuna watu wana shida.

Ipo na sheria ambayo siielewi hata nikieleweshwa. Gari na tela vikifikisha kwa pamoja ratili 26,001, karibu tani 11.8, na tela peke yake likizidi ratili 10,000, unahitaji leseni ya malori makubwa. Mpaka hapo sawa. Lakini hawaangalii tu uzito uliobeba. Wanaangalia na uzito ulioandikwa kwenye kibati kwamba unaweza kubeba. Ukiburuta tela tupu lenye kibati kikubwa, una hatia ya mzigo ambao hujaupakia. Ndiyo maana madukani utakuta matela yamepangwa mstari, yana chuma cha kubebea kifaru, na kibati kinasema ratili 9,990. Sisi tuna sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, lori mwisho tani 56, na mizani inayopima kilichopo. Ndiyo maana basi likikaribia mizani, abiria wanashuka, wanatembea wakipiga soga, wanapandia mbele. Kwetu watu wanaidanganya mizani. Huku wanakidanganya kibati.

Vifaa nimenunua vingi kuliko akili. Nina mikanda ya kufungia mzigo, nina kamba ya nailoni inayonyumbuka, nina taa za kuwaka juu ya paa zinazonifanya nijione mkuu wa msafara. Lakini siku niliyoingia duka la wakulima nikaikuta jeki ya Tanganyika imesimama kwenye kona, ndefu, nyekundu, na matundu yake, nilisimama mbele yake kwa muda ambao mwenye duka alianza kuona ni wizi. Ndiyo ile wanayoifunga kwenye Land Cruiser za utalii kule Ikoma, nami nilikua nikiamini ni yetu, maana ina jina la nchi. Inatengenezwa Indiana, majimbo machache kutoka hapa, tangu 1905. Nikainunua hata hivyo. Sijaitumia. Nimeiegemeza sebuleni, na wageni wakiuliza nasema ni urithi.

Kazi hii si ngumu, Baba Mdogo. Inachosha kwa ukimya. Kumbukeni plau ya ng'ombe wanne ilivyotaka watu watatu: wa kushika plau, wa fimbo, na mtoto wa kuongoza mbele, ambaye nilikuwa mimi, nikikanyagwa vidole. Sasa navuta magari matatu kwa mpigo na mle ndani niko peke yangu. Kamera ya nyuma inanichorea mistari ya kufuata. Inafanya kazi yote ya utingo isipokuwa kelele. Haisemi "lete, lete, kata kulia, acha hivyo hivyo!" Haigongi bodi. Haidai chai. Mteja naye, gari lake likiwa mtaroni, anabaki ndani na hita yake. Namfunga kamba, namvuta, anatia sahihi kwa kidole kwenye simu yangu, asante, kwaheri. Kwetu pikapu likizama kwenye ule udongo mweusi wa kuelekea Mugumu, dereva hajashuka watu wameshafika ishirini. Kumi na tisa ni mafundi, na wa ishirini ni mzee mwenye fimbo, anayekumbuka lori lililozama hapo hapo wakati wa Elnino ya 1998 na jinsi lilivyotolewa. Mmoja anatumwa kuleta ng'ombe. Gari likitoka, wote wamepakaa tope na wote wanadai soda, na wanastahili. Juzi, kabla ya kuondoka na Mheshimiwa, nilijikuta nimetoa mkono dirishani na kuugonga mlango wangu mwenyewe mara mbili.

Kwa hiyo naleta maombi. Yule mtoto wa shangazi anayeshinda stendi ya Tarime akipangia madereva namna ya kurudisha gari nyuma bila kuulizwa: mwambieni nafasi ipo. Fomu za viza hazina sehemu ya utingo, nimetafuta, lakini tutaandika mshauri wa usafirishaji na hatutakuwa mbali na ukweli. Mshahara ni wa dola. Kazi ni kushuka, kupiga kelele na kupanda. Aje na makoti, na aje na kabari yake ya mti. Za huku ni za plastiki ya njano, na mtu hawezi kulaani vizuri akiwa ameshika kitu cha rangi hiyo.